Garissa Nayo Ijenge Viwanja vya Jirani

Mchezaji wa besiboli Gift Ngoepe alikulia ndani ya klabu ya mchezo huo. Mama yake alipika na kufanya usafi katika klabu ya Randburg, karibu na Johannesburg, na familia ikaishi humo humo, chumba kimoja. Mtoto akifungua mlango, anakanyaga uwanja.

Ukaribu huo ndio uliomtoa. Alionekana Italia, kwenye chuo cha besiboli cha Tirrenia, na mwaka 2008 timu ya Pittsburgh Pirates ikamsajili. Alisota ligi ndogo za Marekani kwa zaidi ya miaka 8. Aprili 26, 2017, akiwa na umri wa miaka 27, akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza ligi kuu ya huko, na zamu yake ya kwanza ya kupiga ikamfikisha kituoni. Mwaka uliofuata alikuwa Kanada na Toronto Blue Jays. Kilichombeba hasa ni ulinzi wake: kituo cha pili, cha tatu, au katikati ya hivyo viwili, kote alitegemewa.

Nchini Kenya, Garissa nayo haikosi vipaji. Baada ya swala ya alasiri, jua likilegea, vijana hufukuzana na mpira vumbini, mjini na hata Dadaab, ambako kambi za wakimbizi zipo tangu 1991. Wanachokosa ni mlango ule wa Randburg. Kaunti za Garissa, Wajir na Mandera zitenge viwanja vidogo mitaani, kila kimoja na kocha anayelipwa, kabla ardhi yote haijagawanywa ploti.