Makao ya wazee: nani anaandika alichoingia nacho mzee?



Khalati yangu mmoja, Mungu amrehemu, aliishi mwaka wake wa mwisho katika makao ya wazee hapa Pwani. Jina la makao silitaji, kwa sababu yaliyotokea pale yangeweza kutokea popote. Aliingia na sanduku la bati, leso doti kadhaa, msala, tasbihi, miwani, simu ya vibonyezo na bangili za dhahabu mkononi.

Asubuhi moja bangili mbili hazikuonekana. Sisi watu wa familia tukafika sita kwa pamoja, kila mtu sauti juu. Msimamizi akauliza swali moja tu: aliingia na bangili ngapi? Binamu mmoja akasema tatu, mwengine akaapa ni nne. Karatasi hakuna. Kesho yake binti aliyekuwa akisafisha chumba kile akaambiwa asirudi kazini, nasi tukaona haki imetendeka.

Miezi minane baadaye, tumeshamaliza khitma, kijana wetu mmoja akafungua kinywa. Bangili zile alipewa na khalati mwenyewe siku aliyokwenda kumtazama, akaziuza akalipa karo. Khalati alikuwa ameshasahau kwamba alitoa, na kijana akaona haya kusema wakati moto umewaka. Tulimtafuta yule binti tumtake radhi. Nambari yake haikupatikana tena.

Ninaeleza aibu hii ya nyumbani kwetu kwa sababu mjadala wa makao ya wazee kwetu Pwani umekwama mahali pamoja: ni aibu au si aibu kumpeleka mzazi? Tunabishana hayo, na huku wazee wameshaingia. Watoto wako Nairobi, wako Dubai, wako Jeddah. Nyumba za Mji wa Kale zimegawanywa vyumba vya kupangisha. Mtu wa kumgeuza mzee kitandani usiku hapatikani. Makao yapo, na yataongezeka. Basi tuulizane la pili: mzee akiingia, vitu vyake vinakuwa vya nani?

Jibu ni jepesi. Vinabaki vyake. Kifungu cha 57 cha Katiba kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kifungu cha 40 kinalinda mali ya kila mtu bila kuuliza umri wake. Kwetu sisi Waislamu jambo hili lina jina tangu zamani, nalo ni amana. Mtume (s.a.w.) alipohama Makka alimwacha Sayyidna Ali nyuma ili arudishe amana za watu kwa wenyewe, na wengi wa hao walikuwa ni wale wale waliokuwa wakimfanyia uadui. Na ile aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana na kuweka mashahidi. Sisi tumechukua neno amana tukaacha kalamu. Ukimwambia mtu "tuandikiane" anakasirika, anaona hukumwamini.

Mimi diploma yangu ni ya ugavi na stoo. Stoo hufundisha jambo moja bila huruma: kisichoandikwa hakikuingia, na kama hakikuingia, hakiwezi kupotea. Ndiyo maana yule binti hakuwa na cha kujitetea, na sisi hatukuwa na cha kumshitakia, lakini aliyepoteza riziki ni yeye.

Leja ya makao si jambo la gharama. Daftari gumu moja, la kurasa zenye nambari ili ukurasa usinyofolewe. Siku mzee anapoingia, kila kitu kinatajwa mbele yake yeye mwenyewe, mtu wa familia na wafanyakazi wawili, wote wanatia sahihi au kidole gumba, na nakala inakwenda nyumbani. Mwandishi asiandike "dhahabu", kwa maana yeye si sonara. Aandike "bangili tatu za rangi ya manjano, moja ina ufa", na kama familia inataka uzani, ipite kwa sonara kwanza na risiti ibandikwe. Leso ziandikwe kwa majina yake, yale maneno yaliyochapwa chini, kwa sababu kila bibi anajua leso zake kwa jina na ndivyo atakavyozidai zikichanganyika kwa dobi. Nguo zitiwe alama ya uzi upande wa ndani.

Lakini kuandika siku ya kuingia ni nusu ya kazi. Vitu haviibiwi tu, vinatolewa pia. Mjukuu anakuja na boksi la maziwa anaondoka na redio. Mzee anampa jirani wa kitanda cha pili shuka kwa mapenzi. Kila kinachotoka kiandikwe kama kilivyoandikwa kilichoingia: nani amechukua, tarehe, na mzee ameridhia mbele ya nani. Mstari mmoja wa namna hiyo ungemwokoa binti wa watu.

Hapa pana jambo ambalo familia nyingi hazilijui. Mzee aliyeanza kupatwa na maradhi ya kusahau mara nyingi huficha kitu chake mahali salama, akasahau alipokificha, kisha akasema kwa yakini kabisa kwamba kimeibwa. Hasemi uongo. Ndivyo maradhi yenyewe yanavyokwenda. Mkufu unakutwa ndani ya foronya, pesa ndani ya soksi. Mfanyakazi anayelijua hili hutafuta kwanza kabla ya kubishana. Ubaya ni kwamba mwizi naye analijua. Mzee anaibiwa kweli, anasema, anaambiwa "bibi umesahau". Bila leja huwezi kuwatenganisha hao wawili.

Na dhahabu siku hizi si kitu kikubwa zaidi sandukuni. Kikubwa ni kitambulisho na simu. Mzee wa miaka 70 na zaidi aliyesajiliwa katika Inua Jamii ana shilingi 2,000 kwa mwezi, na pesa hizo mara nyingine huja zimelimbikizana. Mwenye kitambulisho chake, simu yake na nambari yake ya siri ya M-Pesa ndiye mwenye pesa zake. Nambari hiyo mzee humtajia mfanyakazi kwa sauti ukumbini kwa sababu macho hayaoni vibonyezo. Wengine wameiandika nyuma ya simu kwa kalamu. Makao yabaki na nakala ya kitambulisho, ya asili ikae kwa mzee au kwa mtu aliyemchagua, na kila akitolewa pesa kuwe na mtu wa pili anayeshuhudia, kiasi kiandikwe, mzee aguse noti zake kwa mkono wake. Mfanyakazi asiwe shahidi wa wasia wa mzee anayemtunza, wala asipokee zawadi ya thamani kutoka kwake, hata kama moyo wa mzee umependa. Chakula na dua vyatosha.

Kuna wazee ambao kitu chao cha thamani hakikuingia makaoni kabisa. Kule Ganze, kaunti ya Kilifi, kituo cha Kaya Godoma kimewahifadhi wazee waliokimbia makwao baada ya kuitwa wachawi, na watu wa Kilifi wanajua kwamba nyuma ya tuhuma hizo mara nyingi pana shamba. Mzee wa namna hii amekuja na nguo alizovaa. Hati ya ardhi imebaki nyumbani kwa wale wale waliomfukuza. Kwake leja ianze kwa kuuliza: umeacha nini, kiko wapi, karatasi anayo nani?

Sasa niseme upande wa pili, maana nawajua watu wetu. Baada ya kusoma haya wengine watasema basi mzee asiingie na kitu, avuliwe kila kitu mlangoni tubaki na amani. Makao mengine yana kanuni hiyo tayari. Naipinga. Kumvua bibi wa miaka 80 vipuli alivyotobolewa masikio navyo akiwa mtoto, ukamwambia ni kwa usalama wake, ni kumnyang'anya kwa upole. Chetezo chake, kofia yake aliyoishona mwenyewe, picha ya marehemu mumewe, hivyo ndivyo vinavyomkumbusha yeye ni nani, hasa akili inapoanza kuyumba. Kabati yenye kufuli karibu na kitanda, ufunguo shingoni mwake, na wa akiba ofisini ndani ya bahasha iliyotiwa sahihi. Kitu kizito akitaka mwenyewe kiende benki au kwa mwana. Akitaka mwenyewe, nasisitiza, si mwana wa Jeddah aamue kwa ujumbe wa WhatsApp mama avae nini.

Na vile vidogo visivyo na bei sokoni tusividharau. Meno ya bandia hufungwa kwenye tishu wakati wa kula, tishu hukusanywa na mabaki, yakaenda jaani. Miwani hubadilika wakati wa kuoshwa nyuso. Kifaa cha kusikilizia hukutwa kwenye shuka kimeshaoshwa. Mzee asiye na meno hali, asiye na miwani huanguka, na asiyesikia husemwa amekuwa mkaidi. Vitu hivi vitatu viandikwe juu kabisa ya orodha, mbele ya dhahabu, na vihesabiwe kila zamu inapobadilishana.

Mauti yakifika, haraka ndiyo hatari. Tunazika siku ile ile, na kabla ya tatu kwisha sanduku limeshafunguliwa na aliyefika mwanzo. Kwa sheria ya mirathi ya Kenya, kifungu cha 45, kujiingiza katika mali ya marehemu bila idhini ni kosa, faini hadi shilingi 10,000 au kifungo hadi mwaka mmoja au vyote viwili. Na kwa dini yetu, kile kilichomo sandukuni kinatoa kwanza gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, ndipo warithi wagawane. Makao yafunge kabati mbele ya mashahidi wawili, yakabidhi kwa sahihi, na familia ikigombana milango ya Kadhi iko wazi.

Yale makao ya khalati niliyapitia tena mwezi uliopita. Daftari sasa lipo, jekundu, linakaa kwenye droo ya msimamizi. Nikaomba kuona. Upande wa vilivyoingia umejazwa vizuri sana. Upande wa vilivyotoka ulikuwa mweupe, ukurasa baada ya ukurasa, nami pale mlangoni nilikuwa nimepishana na kijana aliyebeba feni.