Mja Mzito, Kliniki na Azma ya Kuzaa Bila Dawa ya Uchungu



Baada ya kumhimidi Allah Subhanahu wa Taala na kumswalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake, tunaingia katika safu yetu ya wiki hii kwa swali la bibi mmoja aliye katika mimba yake ya kwanza. Ameazimia kuzalia hospitalini, lakini bila ya dawa za kutuliza uchungu. Mavyaa wake amemtaka asiende kliniki mpaka mimba ifike miezi sita, isije ikaonwa na mahasidi. Mumewe naye amwambia kuwa mambo ya kliniki ni ya wanawake. Auliza: je, azma yake ina ubaya wowote kisheria, na katika hayo mengine amsikilize nani?

Jawabu letu kwa ufupi ni kuwa azma hiyo ni halali na ni njema, mradi isimame juu ya nguzo mbili: kuhudhuria kliniki mapema, na kuafikiana na wakunga kabla ya siku yenyewe kufika. Bila ya nguzo hizo haiwi azma, bali ni matumaini tu.

Tuanze na hofu ya mavyaa. Jicho la hasidi hatulikanushi, na kinga yake tumefundishwa: Suratul Falaq, Suratun Nas na nyiradi za asubuhi na jioni. Lakini muuguzi wa kliniki si mpiga mbiu wa mtaa. Mwanamke aweza kuificha mimba yake kwa majirani wote na bado akapimwa. Shirika la Afya Duniani, tangu mwaka 2016, limependekeza mja mzito aonane na wahudumu wa afya mara 8: ya kwanza kabla ya wiki 12 kumalizika, kisha wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Anayengoja miezi sita amekwisha kupoteza mbili za mwanzo, nazo ndizo za kuweka msingi.

Hapo mwanzoni hupimwa kundi la damu na wingi wake, virusi vya ukimwi na kaswende, maradhi ambayo yakijulikana mapema mtoto huweza kukingwa nayo. Hupewa vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi vya kumeza kila siku, na chanjo ya pepopunda. Kwa kuwa Pwani yetu ni nchi ya malaria, hupewa pia chandarua chenye dawa, na kuanzia mwezi wa nne dawa ya kinga ya malaria. Kisha katika kila ziara hupimwa shinikizo la damu, tuliitalo presha, na mkojo huangaliwa pia. Kifafa cha mimba huanza kimya. Mama hujiona mzima, na kipimo ndicho kinachosema kweli. Kuhusu kombe la zafarani, hatuingii hapa katika mjadala wake. Tunasema neno moja tu: kombe halipimi presha.

Sasa tuje kwenye azma yenyewe. Katika hospitali zetu nyingi za umma, sindano ya mgongoni ya kuondoa uchungu si jambo la kila siku, na wengi wa mama zetu huzaa bila ya dawa hiyo kwa kuwa haipo. Lakini kukosa dawa si sawa na kuchagua kutoitumia. Aliyekosa hukutwa na uchungu bila ya maandalizi, akalala chali peke yake, huku hofu ikimzidishia maumivu. Aliyechagua hujiandaa kwa miezi.

Kigezo chetu kimo katika Sura ya Maryam. Uchungu ulimpeleka Bibi Maryam (a.s.) kwenye shina la mtende, na akatamani lau angalikufa kabla ya hayo. Basi asiambiwe mwanamke yeyote kuwa kulia kwake ni uhaba wa imani. Kisha tazameni aliyojaaliwa: sauti ya kumliwaza, maji ya kunywa na tende mbivu za kula. Tena aliamrishwa alitikise shina kwa mkono wake, naye yu dhaifu kuliko siku zote, ili tujue kuwa riziki ya Allah haiondoi wajibu wa kushika sababu. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 kuhusu kuzaa nayo yapendekeza kwa mama asiye na hatari: awe na mtu wa kumliwaza amtakaye mwenyewe, aruhusiwe kula na kunywa, atembee, na ahimizwe kukaa wima badala ya kulazwa tu. Yaongeza mazoezi ya kuvuta pumzi polepole, kukandwa mgongo na kiuno, na kitambaa cha moto. Muumini huongeza dhikri, nayo humpa pumzi mwendo wake.

Tunamshauri bibi huyu, afikapo wiki ya 34, amuulize mkunga wazi wazi: je, wadi yaruhusu somo wangu au mama yangu akae nami? Je, nitaweza kutembea, na kuzaa kwa kuchutama au kulala ubavu? Je, kuna mkunga wa kike wa zamu ya usiku? Majibu ayaandike katika karatasi, aitie ndani ya kijitabu chake cha Mama na Mtoto. Wadi ikikataa, bado ana wakati wa kutafuta nyingine.

Pana mipaka miwili isiyovukwa. Wa kwanza: dawa ya kutuliza uchungu si sawa na dawa ya kuokoa maisha. Sindano ya oksitosini, apigwayo mama mara tu mtoto anapotoka, ni ya kuzuia kutokwa na damu nyingi, na kutokwa na damu ni miongoni mwa mambo yanayoua wazazi wengi zaidi duniani. Hiyo asiikatae. Wa pili: azma si nadhiri. Uchungu ukimzidi akaomba dawa, hana dhambi wala aibu. Ikibidi upasuaji, na daktari aliyepo ni mwanamume, kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya sharia, na dharura huruhusu kwa kadiri yake.

Dalili hizi nazo hazingojei ziara: kuumwa kichwa sana, kuona kiwi, kuvimba uso na mikono, kutokwa na damu, homa, maji ya uzazi kupasuka kabla ya wakati, au mtoto kupunguza kucheza tumboni. Aendapo na moja katika hizo, aende saa hiyo hiyo, iwe usiku au mchana.

Neno la mwisho ni la mume. Mabwana, mambo ya kliniki si ya wanawake peke yao. Wataalamu wasema mama hufa kwa ucheleweshaji wa aina tatu: wa kuamua kwenda, wa kufika, na wa kuhudumiwa afikapo. Miwili ya mwanzo imo nyumbani mwetu. Itoe idhini yako leo, mbele ya mkeo na mama yako, kuwa akiumwa asingoje simu yako. Aliye Likoni apange atakavyovuka kivuko usiku wa manane. Aliye Kizingitini amjue nahodha wa boti na aweke akiba ya mafuta. Jisajilini mapema na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024. Tafuta jamaa wawili walio tayari kutoa damu. Na katika ziara moja angalau, fuatana naye, uketi katika benchi, usikie kwa masikio yako anayoambiwa. Huko ndiko kuishi naye kwa wema tulikoamrishwa. Mavyaa naye twamwambia kwa heshima: mjukuu unayemficha kwa hasidi, usimfiche kwa mkunga.

Twamuomba Allah awape wajawazito wetu wepesi, awashushe salama wao na watoto wao, na awajaalie wana wema. Amin.

Wabillahi tawfiq.