MAWE YA VITA NA MAJINA YA WATU WETU

Ndugu wafanyakazi wa machimbo, na ninyi wakaaji wote wa Kamituga,

Mtu akitaka kujua nani alihesabiwa kuwa mtu wakati wa ukoloni, asome mawe ya ukumbusho wa vita.

Katika vita ya 1914-1918 majeshi ya Wabelgiji yalitoka Kivu, yakapita Rwanda na Urundi, na tarehe 19 Septemba 1916 yakaingia Tabora. Nani alibeba risasi, chakula na vipande vya mizinga? Wapagazi! Hesabu inayotajwa ni watu 260,000 waliotolewa katika Kongo kwa kazi hiyo. Wengi walikufa njiani kwa njaa, kwa kuhara na kwa kuchoka. Mkubwa wao, Jenerali Tombeur, alipewa jina la heshima, "wa Tabora", na mwaka 1951 akasimamishiwa ukumbusho Saint-Gilles, mjini Brussels. Na mpagazi aliyemfikisha huko Tabora, jina lake limeandikwa wapi?

Waingereza walifanya vivyo hivyo. Mwaka 1927 walisimamisha Dar es Salaam askari wa shaba mwenye bunduki, mtu asiye na jina. Mpagazi akaachiwa mtaa na soko: Kariakoo, mahali pa kambi ya jeshi la wapagazi. Watu wananunua mchicha hapo bila kujua.

Tena, tarehe 8 Juni 2022, mfalme Philippe alimvika nishani mzee Albert Kunyuku mjini Kinshasa. Mzee huyo alikuwa na miaka 100, naye alipelekwa Burma katika vita ya pili. Nishani hiyo ilimfikia miaka 77 baada ya vita kwisha. Wenzake walikwisha kuzikwa.

Lakini tusiwalaumu wageni tu. Tazameni barabara yetu ya Bukavu. Tarehe 24 Agosti 1998, Kasika na vijiji vya jirani, watu waliuawa, na taarifa ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 inasema walizidi 1,000. Mwaka 1999, mwezi wa Novemba, wanawake 15 walizikwa wazima Mwenga. Jina la Mwami Mubeza wa Tatu kila mtu analijua, na ni haki lijulikane. Je, mkulima? Je, mama aliyekuwa njiani na kikapu chake? Kama sisi wenyewe tunasema "watu zaidi ya elfu" na kunyamaza, tunahesabu kama Bula Matari alivyohesabu wapagazi.

Hatutaki jiwe lingine ambalo wakubwa wataliwekea maua mara moja kwa mwaka, wapigwe picha, waondoke. Tunataka jiwe lenye majina yote, na majina hayatoki Kinshasa. Yako kwenu. Kila jamaa iandike: jina la aliyekufa, jina la baba yake, kijiji, kazi yake, siku aliyokufa. Nakala moja ipelekwe parokiani, moja kwa chifu, na moja ibaki nyumbani, kwa maana tumeona vita inavyochoma ofisi na karatasi zake.

Msingoje kamati. Aliyekuwa na miaka 40 mwaka 1998 sasa amepita 65. Jumapili hii, baada ya ibada, aulizwe yeye kwanza.