Kiwanda cha Bamburi kimeuzwa. Haller Park imeandikiwa nini?

Mwisho wa mwaka 2024 kiwanda cha saruji cha Bamburi kilipata mwenyewe mpya. Kundi la Amsons kutoka Tanzania lilitoa shilingi 65 kwa kila hisa, mshindani mmoja akapandisha dau kisha akajitoa, na Holcim ya Uswisi ikafunga virago. Thamani ya biashara hiyo ilipita shilingi bilioni 23. Kwa miezi kadhaa magazeti yalijaa hesabu za hisa, na huku kwetu mabaraza ya kahawa yakajaa maswali ya ajira: nani atabaki, nani atapewa barua. Yalikuwa maswali ya haki. Ila katika zogo lote hilo sikumsikia mtu, si diwani wala mbunge, akiuliza habari za lile timbo la zamani lililogeuka msitu.

Nasema Haller Park. Ni nadra kumpata mtoto aliyesomea Kisauni au Nyali ambaye hakupelekwa pale na mwalimu wake, akashika chakula mkononi na twiga akainamisha shingo kuja kukila. Siku za Idi, foleni ya lango lile huwa ni ya kanga, kanzu na watoto wenye viatu vipya. Wageni wa hoteli wanapapenda, lakini sisi tunapachukulia kuwa petu. Na hapo ndipo wasiwasi wangu unapoanzia, kwa sababu kwenye karatasi si petu. Ni mali ya kampuni, imesimama juu ya ardhi ya kampuni, na kampuni huuzwa.

Ili tuelewe tunachoweza kukipoteza, inafaa tukumbushane kilivyopatikana.

Kiwanda kilianza kutoa saruji mwaka 1954. Malighafi yake ilikuwa chini ya miguu yetu: mawe ya matumbawe ya kale, mabaki ya mwamba wa bahari kutoka zama ambazo ukanda huu ulikuwa majini. Waliyachimba hadi karibu kabisa na maji ya chini ya ardhi, maji yenye chumvi. Palipobaki palikuwa sakafu nyeupe ya mawe, hapana udongo, hapana kivuli, jua linapiga na kurudi usoni kama uko mbele ya tanuri. Wazee wa Bamburi waliofanya kazi mle wanakwambia hata kunguru hakutua.

Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyekuwa ameajiriwa na kampuni tangu 1959, alianza kupanda miti kwenye sakafu hiyo. Alijaribu aina 26. Zilizovumilia zilikuwa tatu tu: mvinje, mti wa jamii ya damas unaotoka upande wa Pembe ya Afrika, na mnazi wetu. Mvinje ndio uliobeba kazi. Mizizi yake hukaa na vijidudu vinavyonasa naitrojeni hewani, kwa hiyo hauhitaji shamba lililonona, na maji ya chumvi hauyaogopi.

Lakini mvinje nao ulileta tatizo lake. Yale majani membamba kama sindano yalidondoka yakalala tu, hayaozi. Na bila majani kuoza hakuna udongo, na bila udongo hakuna mti wa pili utakaoota chini ya ule wa kwanza. Dawa ikapatikana kwa mdudu ambaye sisi tukimwona sebuleni tunamfagia: jongoo, yule mweusi mwenye miguu myekundu. Haller aliona jongoo anayala majani yale makavu, akawaleta kwa wingi wakaachiwa timboni. Walichokila wakakitoa kikiwa mbolea. Miaka ikapita, udongo mweusi ukaanza kujijenga juu ya jiwe, ndege wakaja na mbegu matumboni, na miti ya asili ikashika nafasi yake. Mabwawa yakachimbwa, perege wakafugwa, na baadaye wakaingizwa pofu, choroa, viboko, mamba na kobe. Mwaka 1984 milango ilifunguliwa kwa umma. Jina la Haller lilikuja mwaka 1999.

Nimeieleza kazi ya jongoo kwa urefu makusudi. Tukisikia neno uhifadhi tunafikiria uzio, bunduki za askari na mnyama mkubwa. Pale Bamburi mnyama mkubwa alikuja mwisho kabisa. Mwenye kuutengeneza msitu alikuwa mdudu, na alichokitengeneza ni tabaka la udongo lisilo na kina kirefu, juu ya mwamba, lililochukua zaidi ya nusu karne kufika lilipofika. Tabaka hilo ndilo mali yenyewe. Buldoza moja linaweza kulikwangua kwa wiki moja, na hakuna pesa itakayolinunua tena. Itabidi kungoja miaka hamsini mingine.

Kisha kuna kazi nyingine ambayo bustani hii imeifanyia pwani nzima. Dunia inamkumbuka Owen, mtoto wa kiboko aliyesombwa na Mto Sabaki mpaka baharini, akabaki yatima karibu na Malindi wakati wa tsunami ya Desemba 2004. Wavuvi na wakazi walihangaika naye kwa nyavu mpaka wakamtoa. Akapelekwa Haller Park, akamganda kobe mzee wa Aldabra anayekadiriwa kuwa na umri wa miaka 130 hivi, na picha zao zikazunguka ulimwengu. Watu waliona mapenzi ya kiboko na kobe. Mimi naona jambo kavu zaidi: siku ile palikuwepo mahali pa kumpeleka. Bwawa lilikuwa tayari, wahudumu walikuwa tayari. Mnyama mwingine akikumbwa na balaa kesho kati ya Kipini na Vanga, tutampigia nani simu?

Wapo watakaosema naitetea kampuni. Nawajua na hoja yao naiheshimu. Wanasema bustani ni wanja na poda tu. Nyuma ya twiga kuna vumbi, kuna matimbo mapya, kuna familia zinazodai mashamba ya babu zao kwenye ardhi iliyozungushiwa ua. Malalamiko hayo yasikizwe kwenye meza yake, na msitu usitumiwe kuyafunika. Ila tusichome nguo kwa kumchukia aliyeivaa. Haller Park ikifa, mwenye madai ya ardhi hatapata hata futi moja. Atakayepata ni mwenye uwezo wa kujenga maghorofa ya kupangisha kando ya barabara ya Malindi, na kila mtu anaona bei ya ploti kati ya Nyali na Mtwapa ilipofika.

Wa pili watasema nina hofu ya bure, kwamba Amsons ni ndugu zetu wa Kiafrika na hawajasema watavunja kitu. Ni kweli, na sina sababu ya kuwadhania ubaya. Lakini hoja yangu haimhusu mwenyewe wa leo. Katika miaka kumi tu kampuni hii imekuwa chini ya Lafarge, kisha LafargeHolcim mwaka 2015, kisha Holcim, na sasa Amsons. Mwaka huohuo wa 2024 Bamburi yenyewe ilikuwa imeshauza hisa zake za kiwanda cha Hima kule Uganda. Mali ya viwandani hubadilisha mikono kama daladala. Aliyeko leo anaweza kuwa mwema. Nani amemwona wa mwaka 2040?

Isitoshe, bustani ya wanyama ni mzigo. Pofu na viboko wanakula wageni wakija na wasipokuja. Vurugu za 2008 zilifukuza watalii, korona mwaka 2020 ikafunga hoteli zote, na bado majani yalibidi yakatwe na maji ya mabwawa yabadilishwe. Sidhani tiketi za langoni pekee zingeweza kuvusha miaka kama hiyo. Nyuma yake palikuwa na saruji inayouzwa. Siku mhasibu atakapoambiwa apunguze gharama, mstari wa chakula cha twiga ni rahisi kuukata kuliko mstari wa makaa ya tanuri.

Sheria je? Hapa ndipo wengi tunapojidanganya. Sheria ya Madini ya 2016 inamtaka mchimbaji aweke dhamana na aiponye ardhi aliyoichimba. Sheria ya Mazingira ya 1999, ile iliyounda NEMA, nayo inaruhusu aliyeharibu kuamriwa kurekebisha. Vizuri. Lakini kazi ya Haller ilianza miaka 28 kabla ya sheria hiyo ya mazingira. Ilifanywa kwa hiari, na sheria hizi zinalenga shimo lililoachwa wazi. Shimo lililokwisha kupona, likaota msitu, ni habari nyingine: hakuna ndani yake amri ya moja kwa moja kwamba msitu huo ukae hapo daima.

Linganisha na kilichoko ng'ambo ya barabara. Ukivuka kutoka lango la Haller Park ukaenda ufukweni, mbele yako kuna Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotangazwa rasmi mwaka 1986 na inayosimamiwa na KWS. Matumbawe yaliyo hai majini yana karatasi ya serikali. Matumbawe yaliyokufa, yakachimbwa, yakafufuliwa kwa miti na majongoo, yanategemea moyo wa mwenye hisa. Wahenga wetu wa pwani walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la msitu huu silioni.

Daftari hilo linaweza kuandikwa, na bila kumnyang'anya mtu kitu. Sheria ileile ya Mazingira, kifungu cha 112 na vinavyofuata, inaruhusu mtu au kikundi chochote kwenda mahakamani kuomba ardhi fulani iwekewe masharti ya kimazingira. Masharti hayo huandikishwa pamoja na ardhi, si pamoja na jina la mwenyewe. Kiwanja kikiuzwa mara kumi, masharti yanahama nacho. Mahakama inaweza kuagiza mimea na wanyama vihifadhiwe, uchimbaji uzuiwe, hata watu waruhusiwe kupita kwenye njia maalumu ndani ya ardhi hiyo. Na mwenye ardhi akipata hasara ya haki, sheria imeweka mlango wa fidia. Tena Ibara ya 70 ya Katiba haikutaki uoneshe kwamba wewe binafsi umeumia ndipo usikizwe katika kesi ya mazingira.

Njia fupi zaidi ni kampuni yenyewe kukubali. Kwa kampuni mpya inayotaka kupokewa vizuri Mombasa, kusaini masharti kama hayo juu ya timbo lililokwisha kuchimbwa, ambalo halina saruji tena ndani yake, ni gharama ndogo mno ukilinganisha na sifa watakayopata. Serikali ya kaunti ingekuwa shahidi, KWS ikaangalia hali ya wanyama, na wakazi wa Bamburi, Kisauni na Kiembeni wakawa na viti kwenye kamati badala ya kualikwa siku ya kupanda miti kupigwa picha. Nguuni, kule vilima vya Nguu Tatu, ambako pia kuna pofu na twiga, nako kuingizwe kwenye karatasi hiyohiyo. Ni makosa kuulinda msitu na kuyaacha malisho.

Kuna la kufanya mapema kabla ya mawakili. Bunge la kaunti lina kamati ya mazingira, na kamati hiyo ina uwezo wa kuwaita watu na kuomba nyaraka. Ianze na maswali matatu ya kawaida. Ardhi ya Haller Park na Nguuni iko kwenye hati ngapi, na matumizi yaliyoandikwa humo ni yapi? Katika mpango wa matumizi ya ardhi wa kaunti, eneo lile limepakwa rangi ya kiwanda, ya makazi au ya hifadhi? Na katika mkataba wa mauzo wa 2024, bustani ilitajwa, au iliuzwa pamoja na malori na matanuri? Majibu yabandikwe mahali tunapoweza kuyasoma, kwa Kiswahili, kabla msimu wa Desemba haujaanza na foleni ya lango kurudi barabarani.