Fei Toto mnamuonea, na dogo wa Tingi hamumuoni

Hapa Tingi kuna povu moja haliishi. Taja jina la Feisal Salum kijiweni mbele ya shabiki wa Yanga, utasikia "msaliti" kabla hujamaliza sentensi. Na mtu huyo huyo Desemba 30, 2025 alikuwa anarukaruka kama kaumwa na siafu pale Fei alipoifunga Tunisia kule Morocco. Sare ile ya 1-1 ndiyo iliyotupeleka Stars hatua ya mtoano ya Afcon kwa mara ya kwanza tangu tulipoanza kwenda mwaka 1980. Tulipita na pointi mbili (tusidanganyane, tulipitia dirishani), lakini bila bao lile tungepanda ndege na pointi moja. Siku ile neno msaliti halikusikika.

Sasa kwa wale mliokuwa mnasikia juu juu. Fei ni mtoto wa Zanzibar, katoka JKU, Yanga akaja 2018. Desemba 2022 akaamua anaondoka. Akaweka kwenye akaunti ya klabu milioni 112: milioni 100 za kuvunja mkataba, na milioni 12 za mishahara ya miezi mitatu. Yanga wakamrudishia. Kesi ikaenda TFF, kamati ikasema huyu bado ni mchezaji wa Yanga, mkataba wake hadi 2024.

Kwenye sheria mimi nipo na Yanga, na sitabadilika. Mkataba si chumba cha kupanga kwamba ukichoka unamrudishia mwenye nyumba funguo na kodi ya miezi mitatu. Kama mwanasheria wake ndiye aliyemwambia hivyo, basi alimuingiza chaka.

Ila piga hesabu. Milioni 12 kwa miezi mitatu ni milioni nne kwa mwezi. Najua huku Kilwa milioni nne mtu anaanza kufyatua tofali. Lakini huyu alikuwa kiungo tegemeo wa timu bingwa na wa timu ya taifa, kwenye ligi ambayo mchezaji wa nje mara nyingi anamzidi mzawa mshahara hata kama mpira hamzidi. Kwa umri wake alikuwa kwenye miaka 24. Kiungo anakimbia kuliko wote uwanjani, magoti yanaisha mapema, na hakuna anayekuja kukuchangia ukishafika 35 unatembea kwa kuchechemea. Ikatoka ile stori ya ugali na sukari, sote tukacheka, vikatengenezwa vichekesho nchi nzima. Halafu akaenda kwa Bakhresa, wanaosaga unga na kutengeneza sukari. Sawa, hapo hata mimi nilicheka.

Watu wanasema alifuata hela kirahisi. Kirahisi wapi? Alikaa nje nusu mwaka, wenzake wakiipeleka Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya USM Alger, fainali ambayo angekuwemo. Jambo lenyewe halikumalizwa na kamati. Juni 2023 Rais Samia alipowaalika Yanga Ikulu aliwaambia walimalize suala la Feisal, na siku chache baadaye Azam wakamtangaza. Msimu wake wa kwanza pale, 2023/24, akapiga mabao 19 akiwa kiungo. Aziz Ki alimzidi mawili tu. Lakini kombe la ligi Azam wamelibeba mara moja, 2013/14, kipindi Fei yuko Zanzibar bado kijana mdogo. Alijua anakwenda kwenye hela na anaacha medali. Mtu mzima kachagua, wewe unatukana kwa bando lako la jero.

Kinachoniuma ni kwamba kelele zote hizi zilimhusu mtu mwenye jina. Hapa Tingi kuna dogo mmoja, jina naweka kapuni, kiungo wa chini, mguu wa kushoto, akipiga pasi unasema huyu kaletwa kimakosa. Klabu moja ya madaraja ya chini Dar (hiyo nayo siitaji) ikamchukua akiwa na miaka 19. Karatasi kasainia juu ya boneti ya gari, nakala hakupewa, mama yake hakuisoma, na yeye mwenyewe hajui kama ni miaka mitatu au minne. Mshahara ulikuja miezi miwili. Akarudi nyumbani na basi la Lindi. Sasa timu nyingine inamtaka, klabu inamwambia hatumpi barua, bado ni mali yetu.

Mali! Na wale wale wa kijiweni wanamwambia "vumilia dogo, soka ni heshima".

Yeye hana milioni 112 za kuweka kwenye akaunti ya mtu. Hakuna atakayemtaja Ikulu. Anaendesha bodaboda ya mjomba wake, jioni anacheza mchangani peku, na kila Jumamosi tunamuomba atufungie goli dhidi ya Kivinje. Nimemwambia aende Dar akadai nakala ya ule mkataba kwanza, mengine yatafuata. Nauli tunachanga. Shabiki wa Yanga aliyemuita Fei msaliti ametoa elfu tano.