Matabibu Wapewe Nafasi ya Pili

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yanapokwisha kutangazwa na vyuo vikuu kuanza kupokea maombi, husikika malalamiko yale yale kutoka kwa ndugu zetu wanaofanya kazi ya utabibu katika zahanati na vituo vya afya. Wanataka kusomea udaktari. Nia wanayo, na uzoefu wanao. Wasichokuwa nacho ni namba.

Namba yenyewe ni 3.0. Miongozo ya udahili iliyotolewa na Tume ya Vyuo Vikuu katika miaka ya karibuni imeagiza kwamba mwenye stashahada ya utabibu anayeomba kusomea shahada ya udaktari sharti awe na wastani usiopungua B, yaani 3.0, na zaidi ya hayo awe amefaulu Hisabati, Fizikia, Kemia, Biolojia na Kiingereza katika kidato cha nne. Aliyepata 2.8 haruhusiwi hata kushindania nafasi. Haruhusiwi mwaka huu, wala baada ya miaka ishirini ya kazi isiyo na dosari, kwa maana stashahada mtu akishafuzu hairudiwi.

Hatusemi kwamba kigezo hicho kiliwekwa kwa nia mbaya. Shahada ya udaktari ni masomo ya miaka mitano, na baada yake mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini. Mwanafunzi hukutana tangu mwanzo na anatomia, fiziolojia na biokemia, na masomo haya hayamhurumii mtu kwa sababu ya mvi zake. Mgonjwa naye ana haki ya kutibiwa na mtu aliyeelimika sawasawa. Wale wanaodai kwamba mlango ufunguliwe wazi, kila mwenye hamu aingie, hawatatupata upande wao.

Lakini mtu huyo wa 2.8 amefaulu. Kwa taratibu za stashahada, ufaulu huanzia 2.0. Taifa limempa cheti, limemruhusu kutibu, kisha limempeleka kijijini ambako pengine hakuna mwingine wa kumwuliza. Usiku wa manane akiletewa mtoto mwenye degedege la malaria, ni yeye anayeamua kama mtoto atatibiwa pale pale au atakimbizwa hospitali ya wilaya, na hakuna mzazi anayesimama mlangoni kuuliza wastani wake wa chuoni. Tumemwona anafaa kukabidhiwa roho za watu, ila hafai kukaa darasani afundishwe kuzihifadhi vizuri zaidi. Ikiwa 2.8 ni hatari, basi hatari hiyo imekwisha kusambazwa vijijini kwa miaka mingi. Ikiwa si hatari, tuelezwe inazuia nini.

Nchi hii inajua vizuri kutumia watu ambao hawakupitia mlango wa mbele. Mwalimu Nyerere alipenda kukumbusha kwamba Tanganyika ilipojitawala mwaka 1961 ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu. Shule ya udaktari ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1963, na kwa takriban miaka 30 Muhimbili ikabeba peke yake mzigo wa kufundisha madaktari wa nchi nzima. Wakati huo wote wananchi hawakuacha kuugua. Waliotibu walikuwa waganga wasaidizi wa vijijini, matabibu, na wale madaktari wasaidizi, yaani matabibu waliokwisha kufanya kazi kwa miaka kadhaa kisha wakarudishwa chuoni kwa miaka miwili.

Hao wa mwisho wanastahili kutazamwa kwa makini, hasa na sisi wa Kanda ya Ziwa. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika hospitali za mikoa ya Mwanza na Kigoma, uliopitia kumbukumbu za akina mama 1,134 waliojifungua kwa matatizo. Upasuaji mwingi ulikuwa umefanywa na madaktari wasaidizi. Watafiti walipolinganisha kazi yao na ile ya madaktari wenye shahada, hawakuona tofauti ya maana, si katika usalama wa mama wala katika ubora wa huduma. Watu hawa hawakuchaguliwa kwa kidato cha sita. Walipimwa tena baada ya kufanya kazi, wakafundishwa, wakaweza.

Zaidi ya hayo, alama mbovu zina historia yake. Wapo waliofanya mzaha chuoni, na hao hatuwatetei. Lakini wapo waliotoka katika shule za kata zilizojengwa kwa haraka tangu mwaka 2004, wakajifunza Kemia kwa kuchorewa ubaoni chupa ambazo hawakupata kuzishika. Wapo waliokaa chuoni huku ada haijalipwa, wakawa wanaingia kwenye mtihani baada ya kubembeleza ofisi ya mhasibu. Namba moja haiwezi kutuambia nani ni nani kati ya hao. Mwenye fedha, mwanawe akikwama, huanza kuulizia vyuo vya ng'ambo. Tabibu wa mshahara hana pa kuulizia. Wapo wanaorudia kidato cha sita wakiwa watahiniwa wa kujitegemea, na ni kichekesho kisichochekesha kumwona mtu aliyekwisha kushona majeraha mamia akirudi kuhesabu mizunguko ya pendulamu ili athibitishe kwamba anaweza kufundishika.

Nini kifanyike? Mnamo Novemba 1974, pale Musoma, Halmashauri Kuu ya TANU iliamua kwamba wanaomaliza kidato cha sita wafanye kazi kwanza, na waingie chuo kikuu wakiwa na maoni ya mwajiri na ya Chama. Uamuzi ule ulilegezwa baadaye, na sababu zilikuwepo. Barua ya sifa njema ni rahisi kuandikwa, na rahisi zaidi ikiwa mwandishi ni mjomba. Kwa hiyo hatupendekezi barua. Kilichokuwa sahihi pale Musoma ni kukubali kwamba mtu anaweza kupimwa kwa jinsi alivyo baada ya kufanya kazi, si kwa jinsi alivyokuwa siku alipotoka shuleni.

Rai yetu ni kwamba vyuo vyetu vya udaktari vitunge kwa pamoja mtihani mmoja wa sayansi za msingi, mgumu kama inavyopasa, kwa matabibu waliofanya kazi kwa miaka isiyopungua mitatu na ambao wastani wao wa stashahada haukufika 3.0. Atakayefaulu ashindanie nafasi sawa na wenzake, na matokeo hayo mapya yasimame badala ya yale ya zamani. Atakayeshindwa arudi kazini bila kuonewa haya, na aruhusiwe kujaribu tena mara moja au mbili. Karatasi zisahihishwe kwa namba, bila jina wala wilaya. Mlango hautapanuka kwa hata nchi moja, maana idadi ya viti vya darasani itabaki ile ile. Kitakachobadilika ni orodha ya wanaoruhusiwa kubisha hodi.

Jambo moja la utaratibu lisisahauliwe. Mtihani huo usifanyiwe Dar es Salaam pekee. Tabibu wa Ukerewe au wa Kibondo akilazimishwa kusafiri huko, wananchi wake watakaa bila mganga kwa wiki nzima, naye atakopa nauli kabla hajaliona hata swali la kwanza. Mwanza yapo majengo, na wapo walimu wa udaktari pale Bugando. Siku mbili zinatosha, na mganga mkuu wa wilaya apewe taarifa mapema ili apate mtu wa kumshikia zamu.