Usiuze Pikipiki kwa Nguzo Isiyo na Stima

Natumai chai iko mezani na watoto wametulia. Kama hawajatulia, wape kurasa za michezo wachoree, nawe ubaki na ukurasa huu, kwani leo nina jambo linalohusu mfuko wa nyumba yako hata kama hujawahi kumiliki chombo chenye magurudumu.

Juma lililopita wifi yangu alinipigia simu alfajiri. Unajua jinsi simu ya alfajiri inavyoshtua moyo. Nilidhani kuna msiba. Kumbe alikuwa na neno moja tu: "Wifi, njoo uzungumze na mtoto wenu. Anataka kuuza pikipiki."

Kijana huyo ni mwana wa marehemu kaka yangu. Huendesha bodaboda katika mji mdogo kando ya barabara kuu ya Mombasa, mji ambao sitautaja nisije nikakosa pa kulala siku nikienda. Pikipiki yake ndiyo inayonunua unga, ndiyo inayolipa karo ya dada yake mdogo, na mkopo wake umebakiza miezi minne tu uishe. Sasa ni nani aliyewahi kusikia mtu akiuza ng'ombe aliye karibu kuzaa?

Sababu ya yote hayo ni kibao. Katika uwanja wa kituo cha zamani cha petroli, ambacho pampu zake zilikauka miaka mingi iliyopita, kumetundikwa kibao kinachosema kwamba hapo patafunguliwa kituo cha kuchaji magari ya umeme na kubadilisha betri za pikipiki. Tangu siku hiyo mji haulali. Vijana wa steji hawana mazungumzo mengine. Mwenye vyumba vya kulala wageni amepaka rangi mpya. Hata mchungaji, nasikia, alikitaja kituo hicho katika mahubiri.

Nilifunga safari. Kabla ya kufika nyumbani nilipitia uwanjani nijionee kwa macho yangu. Nilikuta sakafu ya saruji iliyokauka vizuri, mtaro wa waya uliofukiwa nusu, na nguzo mbili nyeupe zilizofunikwa kwa karatasi za nailoni. Mlinzi aliniambia kituo kitafunguliwa mwezi ujao. Mama mmoja muuza ndizi akacheka na kusema, "Hata mwezi uliopita ulikuwa mwezi ujao."

Msomaji, usinifikirie kuwa mimi ni adui wa mambo mapya. Nakumbuka simu za mkononi zilipoingia vijijini mwetu, nyumba nyingi hazikuwa na stima. Tulikuwa tukitembea hadi sokoni kwa kinyozi, tukimwachia simu pamoja na shilingi 20, naye akizipanga simu kwenye rafu kama mikate. Watu walicheka wakasema simu ni ya matajiri. Leo nani anacheka? Basi huenda na hizi nguzo nyeupe zikawa vivyo hivyo. Jijini Nairobi mabasi ya umeme yalianza kubeba abiria mwaka 2022, na pikipiki za umeme si kioja tena.

Pia kuna sababu ya vituo hivi kuhitajika katika miji midogo. Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni kama kilomita 480. Gari dogo la umeme lililokwisha kutumika ng'ambo, lenye betri ndogo, huenda kilomita 150 hivi kabla ya kuishiwa. Hesabu mwenyewe: haliwezi kufika pwani bila kusimama mara tatu njiani. Litasimama wapi kama si katika miji ambayo mabasi huipita yakipiga honi?

Nilipofika nyumbani nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba. Niliketi, nikanywa maji, nikakohoa kidogo kama wafanyavyo wakubwa. Kijana akaniacha nimalize, kisha akaleta daftari la shule la dada yake.

"Shangazi," akasema kwa adabu, "kwanza tazama hesabu, halafu unigombeze."

Lo! Nilikuta mambo yaliyopangwa sawasawa. Kila siku huweka petroli ya shilingi 600 hivi na kwenda kilomita 130. Chini yake ameandika oili, plagi, kebo na siku alizopoteza kwa fundi. Upande wa pili ameandika umeme. Betri ya pikipiki hubeba yuniti tatu hivi, na humpeleka mtu kati ya kilomita 60 na 90, kutegemea mzigo na vilima. Kwa hiyo siku yake inahitaji betri mbili, yaani yuniti sita. Mnamo Aprili 2023, mamlaka ya kusimamia kawi, EPRA, ilianzisha bei maalum ya umeme wa vyombo vya usafiri: shilingi 16 kwa yuniti, na shilingi 8 saa za usiku, kabla ya kodi na ada nyinginezo. Yuniti sita kwa shilingi 16 ni shilingi 96.

"Mwenye kituo hawezi kuniuzia kwa bei hiyo, najua," akaongeza. "Lakini hata akizidisha mara tatu, haifiki nusu ya petroli."

Nikamuuliza kwa nini umeme wa usiku uwe rahisi hivyo. Akanieleza vizuri kuliko wengi wetu tulio maofisini. Sehemu kubwa ya stima yetu hutoka kwa mvuke wa ardhini kule Olkaria, karibu na Naivasha, ambako mtambo wa kwanza ulianza kazi mwaka 1981, na kutoka kwa mabwawa ya mto Tana na upepo wa Turkana. Sisi tukilala tunazima taa na viwanda vingine hupumzika, ilhali mvuke wa Olkaria hauwezi kuzimwa kama jiko. Kwa hivyo usiku kuna stima isiyo na mnunuzi, na mwenye kuchaji betri usiku ndiye mnunuzi anayetafutwa.

Ama kweli, nilikuwa nimekuja kumfundisha mtu aliyenizidi. Hotuba yangu ikanishia kooni. Ila daftari lile lilikuwa limesahau ukurasa mmoja, nao ndio ninaotaka tuujaze pamoja, mimi nawe na yeyote mwenye mwana, mume au ndugu anayetazama nguzo kama ile.

Swali la kwanza: betri ni ya nani? Mara nyingi kampuni inayotoza ada ya kubadilisha betri humuuzia mteja pikipiki, lakini betri hubaki mali ya kampuni. Unaleta iliyoisha, unapewa iliyojaa, unalipa, unaondoka. Ni jambo jema, kwa kuwa betri ndicho kifaa ghali kuliko vyote, na ikichakaa si hasara yako. Hata hivyo, maana yake ni kwamba pikipiki ni yako ilhali moyo wake ni wa mwingine. Betri za kampuni moja kwa kawaida hazifai pikipiki za kampuni nyingine. Kituo hicho kimoja kikifungwa, au kikipandisha bei, utaenda wapi?

Swali la pili: je, naweza kuchaji nyumbani? Pikipiki nyingine huchajiwa kwa tundu la kawaida la ukutani kwa muda wa saa nne au zaidi, hivyo unaweza kulala ikishiba. Nyingine haziruhusiwi. Ulizia hilo kabla ya kutia sahihi.

Swali la tatu: nikichelewa kulipa itakuwaje? Pikipiki nyingi za mkopo siku hizi, za umeme hata za petroli, huwekewa chombo cha kuzifuatilia, na baadhi huweza kuzimwa kutoka mbali. Fikiria umembeba mama mjamzito usiku, halafu pikipiki inazimwa na mtu aliyeketi Nairobi.

Swali la nne: stima zikipotea? Hakuna aliyesahau usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, nchi karibu nzima ilipoingia gizani na sehemu nyingi zikakaa hivyo hadi siku ya pili. Kituo cha kubadilisha betri kinaweza kuendelea kwa muda kama kina betri zilizokwisha kujazwa. Kile cha kuchomeka waya pekee hakina la kufanya. Mwulize mwenye kituo ana betri ngapi za akiba, na kama ana jenereta au sola.

Na swali la tano ni la kijiografia. Mji wenye kituo kimoja huhesabu safari mara mbili, kwenda na kurudi. Betri ya kilomita 70 haikupeleki kijiji kilicho kilomita 40, kwa sababu lazima urudi. Nilimuuliza mpwa wangu wateja wake wa siku ya soko hutoka wapi. Akanyamaza, akachukua kalamu.

Tulipofika hapo, wifi yangu alishangilia, "Si nilisema! Aachane na mambo hayo!" Lakini alipoinuka kwenda jikoni nilimfuata, na huko nikaona sufuria mpya, kubwa kama ya harusi, na birika mbili ambazo bado zilikuwa na karatasi za dukani. Nikamuuliza za nini. Akatazama chini akatabasamu. Kumbe amekwisha kuzungumza na mwenye kiwanja kilicho mkabala na kituo. Amesikia kwamba gari, hata kwenye mashine ya kasi, huchukua kama nusu saa au zaidi kuchaji. "Mtu akingoja nusu saa," akasema, "si atakunywa chai na mahamri?"

Tulicheka hadi kijana akaja kuona kuna nini. Mama aliyeniita nimzuie mwanawe alikuwa naye amekwisha kuweka akiba yake kwenye nguzo hizo hizo zilizofunikwa nailoni! Tofauti ni kwamba sufuria, kituo kisipofunguliwa, itapika pilau ya Krismasi. Pikipiki ikishauzwa, haipiki chochote.

Basi tulikata shauri hivi. Kijana atamaliza kwanza mkopo wa pikipiki ya petroli, apate hati ya umiliki mkononi. Kituo kikifunguliwa, atakitazama kwa siku 30: kimefunga mara ngapi, foleni ni ndefu kiasi gani, bei imebadilika au la. Atamwomba mwenzake mwenye pikipiki ya umeme waende pamoja vijijini, aone betri inaishia wapi. Mkataba atauleta nyumbani usomwe kwa sauti mbele ya mama yake. Majibu yakiwa mazuri, auze, na mimi nimeahidi kumwongezea malipo ya kwanza. Nimeandika ahadi hiyo hapa gazetini ili nisije nikaikana.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Hawakusema tusitamani msala mpya. Walisema tungoje utandikwe, tuupapase, tuone kama ni wetu kweli. Kama mji wako nao una nguzo zilizofunikwa, zifurahie, panga hesabu zako, nunua hata sufuria. Ila kile kinacholisha nyumba usikiuze hadi taa ya nguzo iwake, na iwake siku baada ya siku.

Jana nilimpigia mlinzi. Kituo, aliniambia, kitafunguliwa mwezi ujao.